Taa ya jini ya Nyali na yale makombora mawili ya 2002

Kuna swali nimetembea nalo tangu niko na miaka 15, na jibu lake, amini usiamini, nimelipata juu ya ngazi huko Nyali nikirekebisha taa ya nje ya mama mmoja ambaye alikuwa ashaanza kutafuta shehe aje amsomee nyumba.

Swali kwanza. Tarehe 28 Novemba 2002 kuna watu walijificha kwenye vichaka upande wa kwetu Changamwe, karibu na uwanja wa ndege wa Moi, wakarusha makombora mawili kwa ndege ya abiria. Boeing 757 ya Arkia, inarudi Tel Aviv, ndani kuna watu zaidi ya 260. Ndege ndio kwanza imeacha ardhi. Kitu kikubwa kama jengo, kiko chini, kinapanda polepole, na makombora yote mawili yakapita pembeni. Yalikosaje?

Ilikuwa Alhamisi, kumi la mwisho la Ramadhani, shule zimefungwa, na nchi nzima iko na homa ya uchaguzi manake Moi alikuwa anaondoka. Mimi nilikuwa nimelala baada ya daku kama vijana wote. Sikusikia kitu, naisema wazi manake siku hizi ukikaa kibarazani Magongo kila mwanamume wa umri wangu alikuwa macho asubuhi ile na aliona kila kitu. Mwenye kuona kwetu ni mamangu, alikuwa anaanika nguo. Aliona moshi mwembamba mweupe kama uzi umechorwa juu, akadhani ni fataki za watoto wa mtu, akaendelea na nguo zake. Rubani naye baadaye alieleza kwamba alisikia kama mshindo mdogo, akafikiria ni ndege mnyama amegonga bodi, halafu akaona mistari miwili myeupe ikimpita upande wa kushoto. Akaendelea na safari mpaka Tel Aviv.

Msiba wenyewe ulikuwa Kikambala. Dakika chache tu na hoteli ya Paradise ikalipuliwa kwa gari, wakafa Wakenya 10, baadhi yao wacheza ngoma wa Kigiriama waliokuwa wanawapokea wageni mlangoni, na Waisraeli 3. Kwa hiyo habari ya ndege ilimezwa na habari ya hoteli, na ilikuwa haki. Lakini sisi tuliobaki Changamwe na polisi wanapekua vichaka wiki nzima tulibaki na lile swali. Wazee walisema Mungu. Mimi sibishani na hilo, ila kulikuwa na mzee jirani yetu, marehemu sasa, alisema kitu kimenikaa: "Hayo makombora ni kama mbwa, yafuata harufu. Harufu ikimpotea, yu mwitu tu."

Sasa turudi Nyali. Mimi kazi yangu ni CCTV, alarm, mageti ya umeme, na zile taa zinazowaka zenyewe mtu akipita. Mama wa watu akanipigia: "Fundi, hii taa yako ina jini. Inawaka usiku hakuna mtu, inazima, inawaka tena." Nikapanda ngazi nikakaa pale juu kama robo saa nikiwa nimezima simu, sisongi. Taa ikawaka. Na kabla haijawaka nilihisi upepo wa moto umenipiga kisogoni. Kumbe ile mashine ya nje ya AC ya jirani imefungwa ukutani upande wa pili, kila kompresa ikianza kazi inatapika hewa ya moto ikipita mbele ya sensa. Sensa haina akili ya kujua hii ni AC na huyu ni mwizi. Inajua joto limesonga, basi. Nikageuza sensa kidogo, jini likaondoka, shehe akaokoa nauli.

Nikiwa nashuka ngazi nikakumbuka mbwa wa yule mzee. Usiku huo nikaanza kusoma, na nikaendelea kusoma kwa miezi. Na kama umefika hapa ukitafuta namna ya kutumia kitu hiki basi umepotea njia, mimi shughuli yangu ni jicho tu, jicho la kombora linaona nini.

Yale ya Mombasa yalikuwa Strela-2. Ni Kirusi, maana yake mshale. Wasovieti waliingiza jeshini mwaka 1968, Waamerika wakiwa na lao la aina hiyohiyo linaitwa Redeye, na mwaka uliofuata Strela ikawa iko vitani tayari, Wamisri wakiirushia ndege za Israel kule Suez. Ni bomba la kubeba begani, ukijumlisha kila kitu ni kilo 15 hivi, yaani uzito wa mtungi mdogo wa gesi uliojaa, na kombora lenyewe ndani halifiki kilo 10. Linafika kama kilomita tatu na nusu, toleo lililofuata kama nne. Kichwa chake cha mlipuko ni kilo moja na kidogo tu. Hapa ndio nilishtuka mara ya kwanza. Tangu utotoni nilikuwa nafikiria kombora ni kitu cha kwenye gwaride, limebebwa na lori la matairi nane, kumbe hili mtu analipakia kwenye mashua chini ya mikeka. Na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema hivyohivyo, kwamba yalipita Somalia yakaingia Kenya kwa bahari.

Sasa jicho. Chukua rimoti ya TV, fungua kamera ya simu, ile ya selfi ndio nzuri manake ya nyuma mara nyingi ina kichujio, elekeza kile kijitaa cha mbele ya rimoti kwenye kamera na ubonyeze. Utakiona kinang'aa zambarau. Wewe kwa macho yako huoni kitu, kamera inaona. Huo ndio mwanga wa infraredi, ni mwanga kama mwingine ila macho yetu hayakuumbiwa. Na kila kitu chenye joto kinautoa, wewe, mbuzi, sufuria, bati la nyumba saa nane mchana. Tofauti ni urefu wa mawimbi. Kitu kikiwa na vuguvugu kama mwili wa mtu mawimbi yake ni marefu, maikroni 10 hivi, ambayo ni sehemu moja ya mia ya milimita, na ndio sensa zangu za Nyali zinasikiliza hapo. Kitu kikiwa kimechemka hasa, kama chuma cha nyuma ya injini ya jeti, mawimbi yanafupika, yanakuja maikroni 2 au 3.

Jicho la Strela-2 ni kipande kidogo cha salfaidi ya risasi, madini ya risasi yakichanganyika na kiberiti, na kinasikiliza huko kwenye mawimbi mafupi tu. Maana yake halioni ndege. Hili ndilo watu hawalielewi. Halioni mabawa, halioni madirisha, halijui Boeing wala halijui Arkia, halijui hata kama kuna kitu kinaitwa ndege. Linaona nukta moja, ule mdomo wa nyuma wa injini uliochemka. Ndio maana haya ya zamani yalikuwa ya kufukuza kutoka nyuma, ndege ikikujia uso kwa uso ile sehemu ya moto imefichwa na injini yenyewe, na kombora linakuwa kipofu.

Waliokuja baadaye wakatatua hiyo kwa kupoza jicho. Fundi yeyote wa redio ataelewa mara moja: chombo chenyewe kikiwa na joto kinajipigia kelele, kama kujaribu kusikiliza simu ndani ya matatu iliyofungulia muziki. Ukikipoza, kelele inakata, unaanza kusikia vitu vidogo. Strela-3 ikawekewa naitrojeni, Stinger ya Marekani ikawekewa agoni, gesi iliyogandamizwa ndani ya kopo dogo, ukiifungulia inatanuka na kupoa ghafla, inakaribiana na sayansi ya AC ya jirani wa Nyali ila hapa inafanya kazi sekunde 45 hivi halafu basi, kopo limekufa, unatupa. Na jicho lililopozwa linaona hata moshi wa moto unaotoka nyuma ya ndege, kwa hiyo halijali tena ndege inakuja au inaenda.

Lakini kuona joto hakutoshi. Jua nalo ni joto. Wingu lililopigwa na jua, bati, mchanga, bahari saa saba, yote yanang'aa. Kombora linachaguaje?

Hapa ndio nilicheka peke yangu saa nane ya usiku, manake jibu ni lilelile la taa ya geti. Ukifungua sensa ya taa ndani utakuta vipande viwili vidogo vya kuhisi joto vimeungwa kinyume, kimoja kinasema jumlisha kingine kinasema toa. Mchana ukuta mzima ukipata joto, vyote viwili vinapata sawa, jumla ni sifuri, taa inanyamaza. Mtu akipita anagusa kimoja kwanza halafu kingine, hapo sasa kunatokea wimbi, taa inawaka. Na ile plastiki nyeupe ya mbele yenye vimraba vimraba ambayo watu wanadhani ni urembo kazi yake ni kukatakata uwanja vipande vipande ili anayesonga atoe mapigo.

Kombora linafanya hivyo kwa kisahani. Mbele ya lile jicho kuna kisahani cha kioo kimechorwa mistari, sehemu nyeusi sehemu wazi, kinazunguka kwa kasi pamoja na kioo cha kukusanya mwanga. Nukta ndogo ya joto ikipita chini ya mistari inakatwakatwa, jicho linapata mapigo, tik tik tik tik. Wingu kubwa haliwezi kukatwa hivyo manake lenyewe limefunika mistari mingi kwa pamoja, nyeusi na wazi, kwa hiyo linatoa mwanga wa wastani usiobadilika na umeme wake unapuuzwa. Kitu kidogo chenye moto, fuata. Kitu kikubwa, achana nacho. Na ukiangalia mapigo yanaanza saa ngapi kwenye mzunguko unajua nukta iko upande gani, juu, chini, kushoto. Hakuna kompyuta hapo. Ni kisahani, vioo, sumaku, koili na sakiti za miaka ya sitini. Mimi niliyezoea kamera za IP zinazohitaji apdeti kila mwezi nilivua kofia.

Ila jua lenyewe ni tatizo, manake jua ni dogo na ni moto. Yale ya zamani yalikuwa na tabia ya kwenda zao kwa jua, au kunasa kipande cha ardhi iliyochemka. Jini la Nyali hilohilo.

Haya, sasa jicho limeiona nukta, liko hewani, linaendeshwaje? Mimi nilidhani ni rahisi, elekeza pua kwenye ndege mpaka uipate. Jaribu hivyo na kuku. Mtoto mdogo akimfukuza kuku anaelekea pale kuku alipo, kuku asha­songa, mtoto anapinda, kuku kasonga tena, mwisho mtoto yuko nyuma anahema. Mkubwa anakata kona, anaenda pale kuku atakapokuwa. Swali ni kombora linajuaje pale ndege itakapokuwa na halijui ndege iko mbali kiasi gani wala inaenda kasi gani? Halijui kweli, hamna kipimo cha umbali ndani.

Jibu nilikuwa nalo nyumbani. Mjomba wangu alikuwa nahodha, Mombasa na Lamu miaka mingi, na alinifundisha nikiwa mdogo usiku mmoja tumelala juu ya mzigo wa mbao. Ukiona taa ya chombo kingine mbali, ilinganishe na kitu cha chombo chako, kamba au nguzo. Ile taa ikisogea kuelekea omo, yaani mbele ya chombo chako, kile chombo kitapita mbele yako. Ikirudi kuelekea tezi, yaani nyuma, kitapita nyuma. Ikikaa palepale, haisogei, lakini inazidi kukua, "hapo mwanangu pindua usukani, manake mwagongana." Huhitaji kujua umbali. Huhitaji kujua mwendo. Pembe isipobadilika na mnakaribiana, ni kugongana.

Nahodha anaikimbia hiyo pembe, kombora linaitafuta. Ndio tofauti yao yote. Ndani kuna jairoskopu, ni kilekile kioo kinachozunguka, na kwa kuwa kinazunguka kinashikilia mwelekeo wake kama pia ya mtoto. Jicho likilazimika kugeuka kuifuata nukta, sakiti inapima limegeuka kwa kasi gani, na mapezi yanapewa amri ya kulipinda kombora upande huohuo kwa kasi mara kadhaa ya ile. Linapinda mpaka jicho likome kugeuka. Nukta ikitulia palepale mbele ya jicho, kazi imekwisha, ni suala la muda. Kereng'ende anawinda mbu kwa mtindo huuhuu, na yeye hakusomea.

Kuna ujanja mwingine mdogo nimeupenda. Lile kombora linajizungusha lenyewe hewani kama risasi, mizunguko zaidi ya 10 kwa sekunde, kwa makusudi. Kitu cha kawaida kinahitaji mapezi ya juu-chini na mapezi ya kushoto-kulia. Kikiwa kinazunguka, jozi moja tu inatosha: pezi likipigwa wakati limeangalia juu, linapanda, likipigwa wakati limeangalia pembeni, linapinda. Wamepunguza mota, uzito na bei. Ufundi wa jua kali uliovishwa medali.

Kuhusu kutoka kwenye bomba, ni hivi: kombora haliwaki ndani ya bomba kama watu wanavyoona kwenye sinema, lingemuunguza anayelibeba. Kuna baruti ndogo inalisukuma nje na inamaliza kuwaka kabla halijatoka, linaenda mita chache kama mtu amelitupa, halafu ndio mota kubwa inashika. Kuanzia hapo ni mbio, mita 400 na zaidi kwa sekunde, mara moja na kitu ya mwendo wa sauti. Na fueli inaisha mapema, sehemu iliyobaki linateleza tu kwa nguvu liliyo nayo, kila likipinda linapoteza mwendo. Likifikisha sekunde kama 14 mpaka 17 halijagonga kitu linajilipua lenyewe. Kwa hiyo chukua saa uhesabu. Sekunde 17. Uzi mweupe aliouona mamangu ulianza na ukaisha kabla hajafika kwenye shati linalofuata.

Ukishaelewa haya, kule kukosa kwa 2002 hakushangazi tena. Ni chombo cha miaka ya sitini, jicho halijapozwa, liko mbele ya uwanja wa ndege wa Mombasa asubuhi ya Novemba jua lishapanda, kila kitu chini kinaanza kung'aa, na sekunde za kuhesabu. Mzee jirani alikuwa amekaribia sana. Mbwa, harufu, mwitu.

Lakini nisije nikafanya ionekane ni mchezo. Strela zilikuwepo kwenye vita vya Kagera, wanajeshi wa Tanzania walikuwa nazo na ndege za Amin zilianguka. Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wapiganaji wa uhuru wa ZIPRA waliangusha ndege mbili za abiria aina ya Viscount zikitoka Kariba, moja Septemba 1978 na nyingine Februari 1979, ya pili hakupona hata mmoja kati ya watu 59, na shirika la ndege la Rhodesia lilianza kupaka ndege rangi ya kupunguza joto na kufunika mabomba ya moshi ya injini. Usiku wa Aprili 6, 1994, ile ndege ya Falcon 50 ilikuwa inatoka mkutanoni Dar es Salaam, ikapigwa ikikaribia kutua Kigali, ndani Rais Habyarimana wa Rwanda na Rais Ntaryamira wa Burundi, na yaliyofuata Afrika Mashariki yote inayajua. Oktoba 1998 Boeing 727 karibu na Kindu, Congo, watu 41. Machi 2007 Mogadishu, Ilyushin ya mizigo, watu 11, na hiyo ilikuwa Igla, toleo jipya zaidi. Igla ni sindano. Warusi wana majina ya ushonaji na uwindaji tu.

Halafu kuna moja ambayo nimeisoma mara nyingi mpaka mke wangu ananicheka. Baghdad, 22 Novemba 2003, mwaka mmoja kasoro siku sita baada ya kwetu. Airbus A300 ya mizigo ya DHL, watu watatu ndani, Wabelgiji wawili na Mskoti mmoja, wamepanda kama futi 8,000, Strela-3 inagonga bawa la kushoto. Angalia sasa, kilo moja na kitu ya kichwa kwa ndege ambayo ikijaa inapita tani mia. Haikuipasua. Ilichofanya ni kukata mabomba ya haidroliki, mifumo yote mitatu, mafuta yakamwagika, bawa likashika moto. Ndege kubwa bila haidroliki usukani haufanyi kitu, ni kama power steering imekufa ila hapa hata ukivuta kwa nguvu zako zote hakuna kinachosogea. Wakabaki na leva mbili za injini. Unataka kwenda kushoto, ongeza injini ya kulia. Unataka kushusha pua, punguza zote mbili, subiri, inashuka, inapitiliza, ongeza tena. Na kila amri inajibiwa baada ya sekunde kadhaa huku bawa linaendelea kuliwa na moto. Wakashusha matairi kwa kuyaachia yaanguke kwa uzito wake, wakazunguka, wakatua, wakatoka nje ya njia wakasimama kwenye mchanga. Wote watatu wazima. Éric Gennotte ndiye aliyekuwa kapteni.

Hiyo ya DHL inakuonyesha lile jicho lilivyo. Linafuata joto kwa hiyo linagonga karibu na injini, na injini za ndege kubwa zinaning'inia mbali na watu, na ziko mbili au zaidi. Ndege kubwa inaweza kupona. Helikopta na ndege ndogo injini iko katikati ya kila kitu, hadithi yake ni nyingine, waulize Wasovieti Afghanistan kuanzia Septemba 1986 Stinger zilipoingia, helikopta za Mi-24 zikaanza kuanguka karibu na Jalalabad na marubani wakalazimika kubadilisha jinsi wanavyoruka.

Dawa ya kwanza iliyotafutwa ilikuwa ni AC ya jirani, yaani fleya. Ndege inatupa vipande vya moto mkali, jicho linaona nukta kubwa zaidi, linaondoka nayo. Basi wenye makombora wakaongeza jicho la pili linaloangalia rangi nyingine ya mwanga, manake fleya na injini havifanani ukiviangalia kwa rangi mbili, wengine wakatengeneza yanayoona picha kamili badala ya nukta. Wenye ndege wakaja na leza inayomulika moja kwa moja kwenye jicho la kombora na kuliparaganya hesabu zake za mapigo. Israel baada ya Mombasa walianza kuziwekea ndege zao za abiria vifaa vya aina hii. Mifumo ya leza wanaitengeneza wenyewe, na ukikutana na uvimbe chini ya tumbo la ndege yao ujue ni Changamwe hiyo.

Na kuna mengine hayafuati joto kabisa, nayapita haraka manake hayana jicho la kunivutia. RBS 70 ya Uswidi na Starstreak ya Uingereza yanapanda juu ya mwali wa leza ambao mtu anaushikilia kwenye ndege mpaka mwisho, fleya hazisaidii hapo, ila mkono ukitetemeka umekosa. Waingereza walikuwa na Blowpipe kabla, unaliendesha kwa kidole kama geimu, walienda nalo Falklands 1982 na halikuwafurahisha. Yale ya kwenye magari yana rada na watu wengi na maneno mengi.

Nilimweleza mamangu haya yote Jumapili moja. Bado anaishi kulekule, bado anaanika nguo upande uleule manake ndio wenye jua. Nilianza na rimoti, nikamwonyesha kwenye simu, akaishika akabonyeza mwenyewe mara tatu nne. Nikaenda kwa kisahani, nikaenda kwa mjomba na taa ya chombo, hapo alitabasamu manake ni kakake. Nikamweleza kwamba lile kombora halikuiona ndege hata kidogo, liliona ule mdomo wa nyuma wa moto tu. Ndege moja ikapita juu, tukanyamaza mpaka sauti iishe kama ilivyo ada ya watu wa Changamwe. Akang'ata kibanio, akakitoa, akakibana kwenye leso.

"Yaani siku ile," akasema, "lilikuwa lafukuza makalio ya ndege."

"Ndio, mama."

"Na likayakosa."